Bando linakatika nikiwa nimelala: nani anakula MB zangu?

#1 Mshumaa
Habari wakuu. Naomba tusaidiane, maana nimechoka kubahatisha.

Juzi nilijiunga bando la GB 2. Saa nne usiku kabla ya kulala nikaangalia salio, nikakuta GB 1.9. Simu nikaiweka mezani, skrini imezimwa, ila data nimeiacha imewashwa kwa sababu nilikuwa nasubiri ujumbe wa kazi alfajiri. Sikugusa kitu mpaka saa kumi na moja. Nainua simu, nakutana na ujumbe wa mtandao: umetumia asilimia 75 ya bando lako. Naangalia salio: MB 500. Ina maana GB 1.4 zimeondoka nikiwa usingizini.

Hii ni mara ya tatu mwezi huu. Simu ni Android, ina mwaka wa pili, haijawahi kufunguliwa na fundi. Je, ni virusi? Mtandao unanikata? Au kuna kitu sikijui kwenye simu yangu mwenyewe?

#2 Kiroboto
Nimeweka mkeka, nasubiri wataalamu. Yamenikuta hayo hayo.

#3 Jabali la Pwani
Mkuu usijisumbue na mipangilio. Hao wanakata tu. Mimi niliwahi kuzima data kabisa saa mbili usiku, asubuhi MB 60 hazipo. Nikapiga simu huduma kwa wateja, nikaambiwa "matumizi ya programu za chinichini". Nikamuuliza yule dada, chinichini ya wapi wakati data imezimwa? Akaniomba nisubiri, simu ikakatika. Tangu siku hiyo sibishani nao, na siwaamini.

#4 Fundi Saa Sita
Jabali, lako nitalirudia. Kwanza mleta uzi.

Kabla ya kumshika mtu yeyote mkono, soma mita ya simu yako. Ingia Mipangilio, sehemu ya mtandao, kisha matumizi ya data ya simu. Utaona orodha ya programu, iliyokula zaidi iko juu. Sasa usiishie kwenye ile namba kubwa. Bonyeza jina la programu yenyewe, utaona imegawanywa mara mbili: ulichotumia ukiwa umeifungua, na kilichotumika chinichini. Hiyo ya pili ndiyo inayofanya kazi ukiwa umelala. Angalia pia tarehe za juu kabisa, kwa sababu mzunguko wa kuhesabu unaweza kuwa umeanza wiki tatu zilizopita, ukadhani yote ni ya jana.

Shuka mpaka chini ya orodha. Kuna mstari wa programu zilizoondolewa na mstari wa hotspoti. Watu wengi hawafiki huko. Tuletee namba.

#5 Nyota ya Alfajiri
Kwa wenye iPhone naomba niongeze: ile sehemu inayoitwa kipindi cha sasa haijifuti yenyewe kila mwezi. Inajumlisha tu tangu siku uliyobonyeza kufuta hesabu, na kama hukuwahi kubonyeza, inajumlisha tangu ulipoanza kuitumia simu. Dada yangu alilia kwamba Instagram imekula GB 90 "mwezi huu". Kumbe ni za miaka miwili. Futa hesabu siku unapojiunga bando, ndipo namba itakuwa na maana.

#6 Mshumaa
Ahsante Fundi. Nimefuata ulivyosema. Nimebana tarehe ili nione usiku ule peke yake:

Google Photos, MB 780, zote chinichini.
Duka la Google Play, MB 210.
WhatsApp, MB 90.
Vingine vidogo vidogo, kama MB 40.

Jumla GB 1.12. Hotspoti sifuri. Kuhusu Photos nimekumbuka: mchana ule nilirekodi vidio tano za mtoto wa dada yangu akijifunza kuendesha baiskeli. Sikumtumia mtu yeyote. Zimepandaje juu?

Halafu kuna jambo lingine. Simu inasema 1.12, mtandao unasema 1.4. Hizo nyingine zimeenda wapi?

#7 Jabali la Pwani
Jibu umelipata kwenye swali lako la mwisho.

#8 Fundi Saa Sita
Subiri Jabali, twende hatua kwa hatua.

Photos: mahali fulani, labda siku ulipoisanidi simu, uliruhusu nakala za picha na vidio zipandishwe hata kwa data ya laini. Gusa picha yako ya akaunti juu kulia, ingia mipangilio ya Photos, kisha hifadhi nakala, tafuta sehemu ya matumizi ya data ya simu. Pale unaweza kuzima kabisa au kuweka kikomo cha siku. Kumbuka kwamba kupandisha nako kunakatwa, si kushusha tu. Vidio ya dakika moja kutoka kamera za siku hizi inaweza kupita MB 100 bila shida, kwa hiyo tano zinatosha kabisa kumaliza hizo 780.

Play: ingia mipangilio ya duka, masasisho ya programu yawe kwa Wi-Fi pekee.

WhatsApp: MB 90 za usiku mmoja ni nyingi. Uko kwenye makundi mangapi?

#9 Mshumaa
Kumi na saba. La ukoo peke yake lina watu 140, na kila alfajiri linaamka na vidio za "uwe na siku njema" zenye maua yanayofunguka.

#10 Bi Mwanahawa
Mwanangu usiseme maua vibaya, mimi ni mmoja wa wanaotuma 😂 Lakini nitakufundisha nilivyofundishwa na mjukuu wangu. WhatsApp, mipangilio, hifadhi na data. Pale pana upakuaji wa moja kwa moja. Ukitumia data ya laini, toa alama zote. Picha zitakuja zimefifia, unabonyeza unayoitaka. Mimi tangu nifanye hivyo bando la wiki linafika wiki.

#11 Kipanga
Bi Mwanahawa shikamoo. Yuko sahihi, ila naongeza moja ambayo wengi hawaijui: ujumbe wa sauti hauhusiki na alama hizo. WhatsApp hushusha sauti zote zenyewe, hata ukizima vingine vyote. Kwa hiyo kama kundi lina watu wa kuongea dakika nane nane, dawa yake ni kuondoka au kuwaomba waandike.

Na pale pale kwenye hifadhi na data kuna matumizi ya mtandao. Fungua, utaona simu za sauti na vidio, faili, hali za watu, na nakala rudufu, kila kimoja kilichotumwa na kilichopokewa. Mimi nilikuta nakala rudufu ya mazungumzo ndiyo inayoongoza, kwa sababu nilikubali iende kila siku pamoja na vidio. Nikaiweka iende kwa Wi-Fi tu, na vidio nikazitoa.

#12 Bi Mwanahawa
Marahaba Kipanga. Hilo la sauti sikulijua. Nitawaambia wenzangu.

#13 Radi
Mnazunguka. Tatizo ni 4G na 5G. Mitandao hii mipya inakula bando kuliko 3G. Rudisha simu 3G uone bando linavyokaa.

#14 Fundi Saa Sita
Radi, MB 1 ni MB 1 hata ukiileta kwa punda. Faili moja lina ukubwa ule ule ukilishusha kwa 3G au 5G.

#15 Radi
Basi nieleze kwa nini nikirudi 3G bando linadumu. Nimejaribu mwenyewe, si kusimuliwa.

#16 Salome wa Mitambo
Wote wawili mna kipande cha ukweli. Fundi yuko sahihi kuhusu faili. Lakini vidio ya mtandaoni siku hizi si faili moja. Imetengenezwa kwa viwango kadhaa vya ubora na kukatwa vipande vya sekunde chache, na programu inapima spidi yako kila wakati ili ichague kipande kipi ikuletee. Spidi ikiwa ndogo, unapewa kipande chepesi. Spidi ikipanda, bila kukuuliza, unapewa kizito. Radi akirudi 3G, YouTube inamshusha ubora, na bando linakaa. Angebaki 5G na kufunga ubora kwa mkono, lingekaa vile vile.

Tofauti si ndogo. Netflix wenyewe wameandika kwamba kiwango cha chini ni hadi GB 0.3 kwa saa, cha kati GB 0.7, HD hadi GB 3, na 4K hadi GB 7. Kwenye skrini ya inchi sita, mimi sioni faida ya kulipia HD kwa filamu ninayoitazama kitandani. Tafuta ubora wa vidio kwenye kila programu unayotumia, weka kiokoa data kwa laini na ubora wa juu kwa Wi-Fi. Fanya mara moja, sahau.

#17 Kiroboto
Salome, na zile vidio fupi za kusukuma kwa kidole?

#18 Salome wa Mitambo
Hizo ndizo zinaniuma zaidi. Ili isikwame ukisukuma, programu hushusha mwanzo wa vidio zinazofuata kabla hujazifikia. Kwa hiyo unakatwa hata kwa zile ulizoruka baada ya sekunde moja. TikTok ina kiokoa data ndani ya mipangilio yake, kinapunguza ubora. Kinasaidia, ila hakiondoi.

#19 Radi
Sawa, hapo nimeelewa. Ila nabaki 3G yangu. Na mkitaka kujua spidi pimeni, mimi napata Mbps 20 hapa, yaani MB 20 kila sekunde, si haba.

#20 Kipanga
Radi hapana. Mbps ni megabiti, MB ni megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Mbps 20 ni MB 2.5 kwa sekunde.

Na tukiwa hapo, kupima spidi kwenyewe ni mla bando. Kipimo kinasukuma data kwa nguvu zote ili kione mwisho wake. Ukiwa na Mbps 100 na kipimo kikakaa sekunde 15 upande wa kushusha, ni kama MB 187, bado upande wa kupandisha. Kuna jamaa yangu anapima kila akikaa kiti kipya.

#21 Mkulima wa Data
Nimesoma kurasa zote, naona hamjagusa laptopu. Langu lilikuwa hilo. Niliiunganisha kwa hotspoti ya simu ili nitume barua pepe moja yenye kurasa mbili. Nikaenda kuoga. Narudi, GB 3 zimekwisha. Laptopu ikiona Wi-Fi haijui kama ni ya nyumbani au ya simu yako, inadhani imefika mahali pa bure. Windows ikaanza kushusha masasisho, hifadhi ya picha nayo ikaanza kulinganisha mafaili.

Dawa: ukishaunganisha, bonyeza jina la ile Wi-Fi kwenye mipangilio ya Windows, kuna kitufe cha kuiweka kama mtandao wa kupimwa matumizi. Kiwashe. Itaahirisha masasisho mengi. Pia angalia sehemu ya uboreshaji wa usambazaji kwenye masasisho. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, kompyuta ilikuwa inaweza kutoa vipande vya masasisho yako kuwapelekea watu wengine kwenye intaneti. Hakikisha imezimwa au imebaki kwa mtandao wa ndani tu.

#22 Nyota ya Alfajiri
iPhone nayo ina msaidizi wa Wi-Fi, alikuja na iOS 9 mwaka 2015 na anakuja akiwa amewashwa. Wi-Fi ikizorota, simu inahamia data kimyakimya. Unaweza ukawa unatazama filamu ukidhani uko kwa ruta kumbe unalipia. Yuko chini kabisa ya ukurasa wa data ya simu, baada ya orodha yote ya programu.

#23 Salome wa Mitambo
Marekebisho kidogo dada. Apple wanaeleza kwamba anafanya kazi kwa programu iliyo wazi mbele yako tu, hashushi vitu vya chinichini, na kuna programu za watu wengine za vidio na muziki ambazo hazigusi. Kwa kurasa za tovuti na ramani, ndiyo, atakukata. Kumzima ni sawa, ila asibebeshwe GB zote.

#24 Nyota ya Alfajiri
Nimepokea. Basi filamu yangu imeliwa na mwingine.

#25 Mzee wa Kivinjari
Kwa kusoma habari washeni ile Lite ya Chrome, inabana kurasa.

#26 Kipanga
Mzee, hiyo Google waliiondoa Machi 2022. Iliyobaki kwa kazi hiyo ni kama Opera Mini, inapitisha ukurasa kwenye seva zao, inaubana, ndipo unakufikia. Ila ile hali yake ya kubana kupita kiasi usiitumie kwa benki wala kwa nenosiri la maana, kwa sababu ukurasa unafunguliwa kwanza kwenye seva yao. Mimi natumia Firefox ya Android na uBlock Origin. Matangazo hayashuki, na kwenye tovuti za habari ndiyo mzigo mkubwa.

#27 Mzee wa Kivinjari
Ndiyo maana nilikuwa siioni! Ahsante.

#28 Mshumaa
Wakuu nafurahi uzi umekua, lakini turudini kwangu. 1.12 dhidi ya 1.4.

#29 Kipanga
Nadhani ni vizio. Wapo wanaohesabu GB kama MB 1000, wapo wanaohesabu kama 1024, na hizo 24 zinajirudia kila ngazi. Kwenye giga tofauti inafika kama asilimia 7.

#30 Salome wa Mitambo
Fanya hesabu Kipanga. 1.12 mara 1.074 ni 1.20. Bado tuna MB 200 mkononi.

#31 Mkulima wa Data
Ishara dhaifu. Chumbani kwake labda mnara unasoma kwa shida, vipande vinapotea hewani, vinatumwa tena. Simu inahesabu kilichofika, mtandao unahesabu kilichotumwa.

#32 Salome wa Mitambo
Nusu yake nakubali. Marudio ya hewani, kati ya simu na mnara, kwa kawaida hayaingii kwenye bili, kwa sababu hesabu inafanyika ndani zaidi, kwenye lango la mtandao, siyo mnarani. Lakini kipande kikipita langoni kikapotelea njiani, seva ya mbali ikakituma upya, hicho kimepita langoni mara mbili. Hapo unalipa mara mbili. Ila ishara ingekuwa mbaya kiasi cha kupoteza MB 200, hizo vidio tano zisingemaliza kupanda usiku mmoja.

#33 Fundi Saa Sita
Kuna pia kuzungushia. Baadhi ya mitandao kila ukiunganisha hukata kwa kipimo kamili, ukitumia nusu unahesabiwa kimoja. Simu inayoamka kila dakika chache usiku kuuliza kama kuna ujumbe inatengeneza vipande vingi sana. Na hapo ndipo namrudia Jabali: alizima data saa mbili, lakini taarifa za matumizi huweza kuchelewa kufika kwenye mfumo wa malipo. Zile MB 60 zinaweza kuwa za jioni.

#34 Jabali la Pwani
Fundi, kila mwizi ana wakili. Jioni ile nilikuwa safarini, simu iko ndani ya begi. Na kama ni kuchelewa, kwa nini huwa hazichelewi kwa faida yangu hata siku moja?

#35 Fundi Saa Sita
Swali hilo ni la haki. Sina jibu lake.

#36 Bi Mwanahawa
Mimi nauliza kitu kingine. Mjukuu aliniwekea ensaiklopidia nzima ya Kiswahili ndani ya simu, naisoma bila data. Inaitwaje ile ili niwaambie wenzangu?

#37 Kipanga
Itakuwa Kiwix, bibi. Unashusha faili la Wikipedia mara moja kwenye Wi-Fi, kisha unasoma bila intaneti. Ile ya Kiswahili ni ndogo, inaingia simu ya kawaida. Na ramani za Google nazo zinashushwa eneo zima kabla ya safari, vivyo hivyo muziki. Mimi naona hiyo ndiyo njia ya kweli ya kuokoa bando: kitu utakachorudia mara nyingi, kishushe mara moja.

#38 Kiroboto
Nimeweka Kiwix sasa hivi. Ahsante bibi kwa kuuliza.

#39 Mshumaa
Mrejesho. Jana nimefanya hivi: nakala za Photos kwa Wi-Fi pekee, Play kwa Wi-Fi pekee, WhatsApp nimetoa alama zote, na Kiokoa Data cha Android nimekiwasha, nikairuhusu programu ya kazi peke yake. Saa nne usiku nikapiga picha ya skrini ya salio na ya mita ya simu. Nikalala.

Saa kumi na moja alfajiri: simu inasema MB 38. Mtandao unasema MB 61. Ujumbe wa kazi umeingia kwa wakati.

Kutoka GB 1.4 hadi MB 61, siwezi kulalamika, Mungu awabariki. Bibi, maua yako yamefika yamefifia, nimefungua moja.

#40 Bi Mwanahawa
❤️

#41 Jabali la Pwani
Hongera mkuu, kwa moyo mmoja. Lakini 38 na 61. Hizo 23 ni za nani?

#42 Kipanga
Hapo vizio havifiki kabisa, naondoa hoja yangu. Nahamia kwa Fundi, kuzungushia.

#43 Mkulima wa Data
Mimi bado niko kwenye ishara.

#44 Salome wa Mitambo
Mshumaa, kama hujachoka: una simu ya pili? Iweke upya kama ilivyotoka kiwandani, usiingize akaunti yoyote, weka laini yako, iache na data usiku mmoja. Andika namba za pande zote mbili na saa ulizozisoma. Kisha usiku unaofuata iweke dirishani ambako ishara ni nzuri, uandike tena.

#45 Mshumaa
Ipo moja ya zamani kabatini, kioo kimepasuka lakini inawaka. Nimeshaichomeka chaji. Kesho alfajiri naleta namba za mezani, keshokutwa za dirishani.